Nikisema Nzuri Huku Naungua

Kama umepewa barua yenye tarehe ya kuanza kusafishwa damu, ukaikunja na kuificha kwenye droo ya soksi ili watoto wasiione, haya nakuandikia wewe. Yangu niliificha siku kumi na moja. Mume wangu aliipata akitafuta soksi zake, maana nyumbani kwetu soksi hazina mwenyewe.

Sitakueleza figo zinafanya kazi gani. Daktari atakueleza mpaka uchoke, na atakupa kijitabu chenye picha. Mimi nitakusimulia jinsi nilivyokaribia kufa kwa sababu ya adabu, na nani aliyeniokoa, na nilivyomlipa.

Watu huniita Mama Keza. Mimi ni Mrundi, nilikulia kambini Kigoma, na sasa ni mwaka wa kumi na saba nakaa Fisksätra, pembeni mwa Stockholm, Uswidi. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee, kwa hiyo Kiswidi nakijua na hospitali nazijua. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani niliponzwa na ujinga.

Nilianza Novemba. Walinitia mrija wa plastiki unaoingia shingoni na kutokeza kifuani, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nililala kwenye kiti kirefu saa nne nzima, damu yangu ikizunguka nje ya mwili wangu. Ukifika unapanda mizani, ukitoka unapanda tena. Hapo ndipo yanapojulikana maji uliyokunywa kwa wizi. Mkojo ulikuwa umenikauka kabisa. Niliruhusiwa nusu lita kwa siku, supu ikiwemo, nikajifunza kunyonya kipande cha barafu taratibu bila kukitafuna. Ngozi ilifanya weusi wa majivu na kuniwasha mpaka nikawa najikuna kwa kitana. Keza, binti yangu wa miaka kumi na tisa, alinipaka mafuta mgongoni kila jioni. Nilipomuuliza anawaza nini, alinijibu kwa Kiswidi kwamba hawazi chochote.

Chumba kilikuwa na viti sita. Cha kwangu kilikuwa dirishani, na cha pili yake alikaa mama mmoja mfupi, wa miaka sitini hivi, aliyevaa gauni jeupe lenye maua ya kushonwa kwa mkono, na juu yake sweta mbili na soksi za sufu hadi magotini. Nilidhani ni Mfilipino. Siku ya tatu binti yake alikuja kumchukua, akanieleza kwamba mama yake anaitwa Fermina, wametoka kijijini Yucatán, kule Meksiko, na wao ni Wamaya.

"Kihispania anaongea?" nikauliza.

"Cha sokoni," akasema binti. Jina lake Rosi, ameolewa na Mswidi, wanakaa Sundbyberg. "Cha kununua nyanya. Lugha yake ni Kimaya."

Kwa hiyo Fermina na mimi hatukuwa na lugha hata moja ya kukutana. Yeye alikuwa na maneno ya Kiswidi yasiyofika ishirini. Lakini ukilala ubavuni mwa mtu saa kumi na mbili kwa wiki, mtazoeana tu. Nilijua anavyokohoa. Alijua napenda mapazia yafunguliwe.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa baridi. Kwa watu wake, alivyonieleza Rosi, damu ina joto lake, na ugonjwa mwingi huanza pale joto na baridi vinapogongana mwilini, au upepo mbaya unapopata mlango. Sasa fikiria mtu wa imani hiyo, damu yake inatolewa nje, inapitishwa kwenye mashine, inarudi imepoa, na dirishani theluji. Kwake hiyo ilikuwa kama kutibiwa kwa kitu chenyewe kinachoua. Kila akimaliza aliweka vidole chini ya kitovu, akibonyeza polepole kutafuta pigo fulani, kwa sababu kitovuni ndipo mwili unapokaa sawa, na pakihama hata chakula hakishuki. Alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye punje za mahindi. Wauguzi walimpashia kwenye maikrowevu, akawekewa miguuni. Kuanzia Krismasi, kikishampasha yeye, alikuwa ananisogezea na mimi. Nami nakuambia hivi, nimepewa dawa nyingi, lakini hakuna iliyofika haraka kama yale mahindi.

Tena alikuwa na namna yake ya kunisalimu. Akishalazwa kitini alinigeukia na kuuliza, "Bix a wóol?" Nilimwomba Rosi anifasirie.

"Anauliza ile nguvu iliyo ndani yako, inayokufanya utake kuamka asubuhi. Imenyooka au imepinda?"

"Nami nijibu nini?"

Rosi akanishangaa. "Jibu ilivyo."

Hapo ndipo penye tatizo langu. Sisi hatujibu ilivyo. Kwetu habari ni nzuri. Baba mkubwa alikuja kambini siku moja, mama akamuuliza habari za huko, akajibu nzuri, za watoto, nzuri, za mvua, nzuri, akapewa maji akanywa, ndipo akasema, "Ila bibi tulimzika juzi." Na hakuna aliyemwona mwongo. Nzuri ni mlango tu, habari yenyewe inakuja nyuma yake, na msikilizaji anajua kusubiri. Muuguzi wa Kiswidi hasubiri. Anakuuliza u mzima, unasema *bra*, yaani nzuri kwa Kiswidi, anaandika *bra*, anaenda kwa mwingine. Miezi yote ile nilikuwa nafungua mlango na mtu ameshaondoka.

Januari mdogo wangu Zakariya alipimwa, na figo yake ikakubaliana na mwili wangu. Zakariya anakaa Jakobsberg, anafanya kazi ghalani, ana watoto wawili wadogo. Mke wake alilia mbele yangu, hakujificha.

"Wifi, nakupenda," akasema. "Ila huyu ndiye mume niliye naye, sina mwingine."

Ningekuwa yeye, ningelia hivyo hivyo. Alikubali kwa shida, Zakariya akaomba ruhusa kazini, na tukapewa tarehe: wiki ya pili ya Machi. Daktari akaniambia neno moja tu la tahadhari, kwamba nikipata maambukizi yoyote, upasuaji utaahirishwa. Alisema kwa upole, lakini mimi nilisikia kitisho. Nilijua wifi yangu hawezi kukubali mara mbili.

Kuanzia siku ile nililinda tarehe kuliko nilivyojilinda mwenyewe. Keza akipiga chafya nilimfukuza sebuleni. Mume wangu alitaka kutangaza kanisani watu watuombee, nikakataa, nikamwambia watu wakija kuniombea watanikoholea. Tuligombana juu ya hilo siku tatu. Eliya ni mtu mpole, lakini siku ya tatu aligonga meza akasema, "Unaumwa peke yako kama mtu asiye na watu!" Akatoka kutembea, akarudi na mkate, tukala.

Ijumaa ya mwisho ya Februari niliamka natetemeka. Nikajua. Mtu aliyetunza wazee miaka yote ile hashindwi kujua. Pale mrija unapotokea kifuani palikuwa pekundu, pananiuma. Nikameza vidonge viwili vya kushusha homa, nikavaa blauzi ya shingo ndefu, nikamwambia Eliya nimelala vizuri. Ile methali ya mficha maradhi niliijua tangu darasa la tatu. Niliiandikia insha na nikasifiwa mbele ya darasa.

Kliniki Lotta alinipokea. Lotta ni muuguzi wetu, mwanamke mrefu mwenye mikono ya joto. Akaniuliza hali, nikasema *bra*. Akanipima homa, vidonge vilikuwa vimeishusha. Mrija akausafisha harakaharaka kwa sababu siku ile walikuwa wachache, nami nikageuza uso na kuongea sana ili asitazame ngozi yangu kwa makini. Kosa hilo nalibeba mimi.

Saa moja baadaye baridi ikanipanda kutoka mgongoni. Meno yakaanza kugongana. Nikavuta blanketi hadi puani, nikauma pindo lake, nikajisemea bado saa tatu tu, mbili na nusu, nikifika nyumbani nitameza vidonge vingine, na wiki mbili zitapita. Jasho la baridi lilikuwa linaniingia machoni.

Fermina alikuwa ananitazama.

Akauliza swali lake lile. Nikamwinulia kidole gumba. Hakukitazama hata kidogo. Alinyoosha mkono wake usio na sindano, akaupitisha chini ya blanketi langu, akanishika kiganja, akaondoa mkono wake kama aliyeshika sufuria. Nikaweka kidole mdomoni. Nikakutanisha viganja vyangu, nikamwomba, nikamnyooshea kalenda iliyokuwa ukutani, nikamwonyesha figo yangu kwa mkono. Alielewa. Nakuapia alielewa kila kitu, kwa maana tarehe yangu ilikuwa inajulikana chumba kizima. Alifikiri kidogo, huku macho yake yakiwa kwangu. Kisha akabonyeza kengele.

Lotta alikuja kwake. Fermina akaninyooshea kidole, akatumia moja ya yale maneno yake ya Kiswidi. Alisema, "Moto."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kirundi, lugha ninayoitunza kwa maombi na kwa matusi. Homa ilikuwa imepita thelathini na tisa. Walinikimbiza wodini mashine ikiwa bado inalia, na jambo la mwisho nililoliona chumbani mle ni Fermina anajibonyeza chini ya kitovu akiwa amefumba macho.

Nililazwa mwezi mzima. Mrija ulitolewa, nikawekewa mwingine upande wa pili, dawa zikapita mishipani asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya pili ya Machi nilikuwa nimelala na shati la hospitali nikiitazama tarehe yangu inapita. Zakariya alikuja akiwa bado na viatu vya kazini. Alikaa, akala biskuti zangu zote.

"Tutaona, dada," akasema.

Hakuna neno lililonitesa mwaka ule kama *tutaona*. Wifi yangu hakuja. Alituma ujumbe kwamba labda ni ishara.

Daktari alinieleza wazi. Mtu akipandikizwa figo anapewa dawa za kuushusha ulinzi wa mwili ili usiikatae. Wangenipa dawa hizo huku wadudu wako kwenye damu, ningekufa, na figo ya Zakariya ningezikwa nayo. Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa. Lakini hasira haina masikio. Niliporudi kliniki mwezi wa Aprili niliomba kiti cha mlangoni, mbali na dirisha, na Lotta alinipa bila kuuliza.

Wiki tano sikumtazama Fermina. Ni siku kumi na tano za viti, ukihesabu. Na kila moja ya siku hizo, katikati ya saa ya pili, Lotta alipita chumbani ameshika kifuko cha mahindi, akaniwekea miguuni. "Kutoka dirishani," alisema. Ningekuwa mtu mwema ningelia. Mimi nilikipokea kwa sababu miguu ilikuwa na baridi, na nikaendelea kununa.

Jumatatu moja ya Mei kifuko hakikuja. Kiti cha Fermina kilikuwa kitupu. Jumatano pia. Ijumaa alikuja, Rosi akimshika mkono, na lile gauni lenye maua lilikuwa linamning'inia. Alikuwa amekataa kutoka nyumbani, Lotta akanong'ona, na chakula hali. Nilisubiri mpaka amelazwa. Kisha, kabla sijaunganishwa na mashine yangu, nikakichukua kile kifuko, nikaenda kukipasha mwenyewe, nikapiga magoti nikamwekea miguuni, nikaishika ile miguu ndani ya soksi za sufu. Hakukuwa na lugha ya kuomba radhi. Alinipapasa kichwani kwa mkono mmoja, akauliza swali lake, kana kwamba nilikuwa safarini na nimerudi. Siku ile nilirudi kwenye kiti changu cha dirishani.

Wiki iliyofuata daktari alipita kuongea naye. Rosi alikuwepo kufasiri. Daktari akauliza kwa nini hali chakula, kama kuna maumivu, kama anataka tuendelee hivi hivi au kuna jambo lingine analolitaka. Rosi akageuza. Fermina akaongea. Aliongea kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, akaonyesha mashine, akaonyesha dirisha, akaweka mkono kifuani. Rosi alimsikiliza hadi mwisho, akageuka kwa daktari akasema, "Anasema sawa. Amechoka kidogo tu."

Daktari akaandika. Mimi nilimjua yule binti. Niliwahi kuwa yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama yangu hakujua Kiswahili, alijua Kirundi tu, na zahanati ya kambini daktari alikuwa Mtanzania, kwa hiyo nilimfasiria mimi. Mama alikuwa na uvimbe titini. Alisema, "Mwambie unaniamsha, mwambie unatoa maji." Mimi nikasema, "Anasema unamuuma kidogo." Niliona aibu kutaja titi mbele ya mwanamume, na niliogopa wakimpeleka hospitali ya mbali nitabaki na wadogo zangu peke yangu. Akapewa vidonge vya maumivu. Alifariki mwaka uliofuata. Sijui kama maneno yangu ndiyo yaliyomfikisha huko, na sitajua kamwe. Hata Eliya sikuwahi kumwambia mpaka mwaka huu.

Kwa hiyo nilimwita Lotta. Safari hii nilianza na lile baya. Nikamwambia, "Huyu mama hamjamsikia tangu alipofika. Anayosema siyo yanayowafikia. Mtafutieni mtu wa Kimaya, asiwe ndugu."

"Binti yake anafasiri vizuri," akasema Lotta.

"Binti yake anampenda," nikasema.

Lotta akaenda kuandika ombi. Ilichukua wiki tatu. Mkalimani wa Kimaya Stockholm hakupatikana. Mwishowe akapatikana mwalimu wa shule huko huko Yucatán, kwa simu: yeye angetoa Kimaya kuleta Kihispania, na mkalimani wa hapa angetoa Kihispania kuleta Kiswidi. Saa tisa alasiri ya hapa kule bado ni asubuhi. Fermina aliulizwa nani akae naye, akaninyooshea mimi kidole. Rosi alibaki nje kwenye korido, na alivyonitazama nilipopita sitasahau.

Simu iliwekwa mezani. Sauti ya yule mwalimu iliposema maneno yake ya kwanza, na nyuma yake jogoo anawika, Fermina alifunika mdomo kwa viganja viwili. Kisha akaanza kusema, na tukakaa pale kungoja maneno yake yavuke nchi mbili kabla ya kutufikia.

Alisema: Nashukuru. Nyinyi ni watu wema. Najua nikiiacha mashine nitakufa, mimi si mtoto, msinieleze tena. Damu yangu imepoa, na nguvu yangu ya ndani imelala chini tangu mwaka jana haijainuka. Hapa nitaishi zaidi lakini siishi. Nataka kwenda kulala kwenye kitanda changu cha wavu, nioshwe na watu wanaojua maneno ya kuniosha nayo. Nilimwambia binti yangu mwezi wa kwanza, na wa pili, na kila mara. Yeye anaogopa. Msimgombeze.

Mkalimani wa Kiswidi hapo mwisho aliomba samahani, akarudia. Daktari alivua miwani. Aliuliza maswali mengine mengi, moja moja, na kila mara tulingoja. Fermina alijibu yote. Nilikuwa nimemshika mkono. Mimi nilikuwa nimemtakia asikike nikidhani kusikika kutambakiza.

Rosi alinikuta kwenye mlango wa choo.

"Wewe nani?" aliniuliza kwa Kiswidi. "Nani alikuomba? Mimi nilikuwa namweka hai. Kila wiki nilikuwa namweka hai kwa mdomo wangu, na wewe umeniulia mama."

Sikujitetea. Kwanza nilikuwa sina uhakika kwamba amekosea.

Fermina aliondoka mwanzo wa Agosti. Kule kulikuwa na hospitali ya kusafisha damu, mwendo wa saa mbili kwa gari, na daktari alimpangia nafasi, naye alikubali kwa heshima, kila mtu akijua hatakwenda mara nyingi. Siku ya mwisho alinipa kifuko cha mahindi. Nami sikuwa na cha kumpa, nikavua kitenge nilichojifunga kiunoni, nikamfunga juu ya sweta zake mbili. Alicheka. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa na dhahabu, na miezi yote ile sikuwahi kuyaona.

Jumamosi iliyofuata nilipanda treni, basi, na treni tena hadi Jakobsberg bila kupiga simu kwanza. Tangu Machi nilikuwa sijamwomba Zakariya chochote. Nilisubiri aseme yeye, naye alisubiri niseme mimi, na *tutaona* ilikuwa imekaa kati yetu. Wifi yangu ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu, wifi. Habari za Fisksätra?"

"Mbaya," nikasema.

Alibaki ameshika kitasa. Nafikiri hakuwahi kujibiwa hivyo maishani mwake. Nikaendelea kabla sijakosa ujasiri: kwamba naogopa kufa, kwamba nimechoka, kwamba Februari nilificha homa kwa sababu niliogopa yeye hatakubali tena, na uongo ule ungeweza kumpotezea mume wake figo bure. Nikamwambia anaweza kusema hapana na bado nitakuja harusi za watoto wake, Mungu akinipa uhai. Zakariya alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto begani. Wifi yangu alianza kulia, akanivuta ndani, akanigombeza kwa kutembea peke yangu na ugonjwa ule.

Hawakujibu siku ile. Walijibu siku ya nne, na aliyepiga simu alikuwa yeye. "Tarehe ikitoka," akasema, "mwambie daktari nami nataka kuongea naye. Nina maswali yangu."

Aliuliza maswali saa nzima.

Tulipasuliwa mwishoni mwa Septemba, majani yakiwa yameanza kugeuka rangi. Nilipozinduka nilisikia mtu anasema kwamba inafanya kazi. Nikauliza nini. Wakainua mfuko uliokuwa ukining'inia kando ya kitanda, na ndani mlikuwa na mkojo, wa njano, wangu, mwingi. Eliya aliushika ule mfuko kwa mikono miwili akaomba, palepale, kwa sauti, na muuguzi alisubiri aseme amina. Siku ya pili Zakariya alikuja akijikongoja, ameshika ubavu.

"Dada, mzigo umefika salama?"

"Umefika."

"Haurudishwi dukani huo."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Keza alikuwa amekaa dirishani na simu yake. Akasema kwa Kiswahili, polepole kwa sababu hajazoea, kwamba alikuwa anaogopa sana mwaka mzima. Nikamwambia na mimi pia.

Rosi alinipigia simu katikati ya Oktoba. Nilikuwa jikoni, nimevaa barakoa kwa sababu Eliya alikuwa na mafua. Aliniambia mama yake amefariki, mwishoni mwa Agosti, alasiri, kwenye kitanda chake cha wavu, wanawake wa kijiji wakiwa wamemzunguka. Alikwenda hospitali ya mjini mara tatu, kisha akasema basi. Rosi alikuwepo siku zote za mwisho.

"Alikuwa anacheka," akasema. "Anapiga porojo kutwa. Mimi nilimweka Sundbyberg miaka miwili na hakucheka." Kisha akaongeza, "Bado nina hasira na wewe. Nilidhani nikirudi huku Uswidi itaisha. Haijaisha."

"Njoo nayo," nikamwambia.

Alikuja Jumapili, akavua viatu mlangoni, akakaa jikoni kwangu, na akaanza kunigombeza kabla chai haijachemka.